Kwa nini mchoro wa Michelangelo unabeba jina la Vittoria Colonna?

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa sanaa, shule ya sekondari. Katika kutafuta picha za kuwaonyesha wanafunzi nimekuta mchoro wa Michelangelo unaoitwa "Pietà kwa ajili ya Vittoria Colonna". Nilizoea kusikia kwamba Pietà ni ile sanamu ya marumaru iliyoko Vatikani, ya Maria akiwa na mwili wa Kristo aliyekufa. Huyu Vittoria ni nani? Alimlipa msanii kiasi gani? Na je, mtu aliyeagiza kazi ya dini zama zile alikuwa na sauti gani juu ya namna Kristo au Maria atakavyoonekana?

Mwalimu, nianze na hilo la malipo, maana ndilo linalofungua mengine yote. Hakulipa kitu. Vittoria aliomba, Michelangelo akachora, akampa. Ilikuwa zawadi. Hata hivyo usimwondoe huyo mama kwenye hesabu kwa sababu hakutoa fedha. Kwa maoni yangu alikuwa na sauti kubwa ndani ya mchoro ule kuliko makardinali na watawala wengi waliolipa dhahabu, na nitajitahidi kukuonyesha kwa nini.

Tazama kwanza kazi za dini zilivyokuwa zikiagizwa Italia kwa kawaida. Ilikuwa kama kumpelekea fundi cherehani kitambaa: mshono unauchagua wewe, bei mnapatana, na siku ya kuchukua nguo inatajwa. Tarehe 23 Oktoba 1485 mchoraji Domenico Ghirlandaio aliingia mkataba wa kuchora Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, kwa ajili ya kanisa la Ospedale degli Innocenti, nyumba iliyolea watoto waliotelekezwa mjini Firenze. Bei ilikuwa florini 115, muda miezi 30. Mkataba unataja hata rangi ya buluu: iwe ile inayosagwa kutoka jiwe la lapis lazuli, ya thamani ya florini nne hivi kwa aunsi moja. Unasema pia kwamba mchoraji afuate mchoro wa karatasi uliokwisha kuonyeshwa, na kwamba mtawa aliyesimamia kazi, Fra Bernardo, ndiye atakayeamua mwishoni kama kazi inastahili bei hiyo au pungufu.

Michelangelo mwenyewe alipitia utaratibu huo alipokuwa kijana. Ile sanamu ya Vatikani unayoifahamu iliagizwa na kardinali Mfaransa, Jean Bilhères de Lagraulas, kwa mkataba wa tarehe 27 Agosti 1498, kwa dukati za dhahabu 450. Mdhamini wake, Jacopo Galli, aliandika ahadi ambayo ukiisoma leo bado inashtua: kwamba itakuwa kazi nzuri kuliko zote za marumaru zilizopo Roma, na kwamba hakuna fundi aliye hai atakayeweza kufanya bora zaidi.

Wala usidhani wanawake walikuwa wapole katika mambo haya. Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantova, alimpa Perugino kazi kwa mkataba wa Januari 1503, picha ya vita kati ya Mapenzi na Usafi wa moyo. Alieleza kila mhusika asimame wapi na ashike nini, akamwambia anaweza kupunguza watu wa pembeni lakini asithubutu kuongeza kitu chake mwenyewe. Perugino alifuata, kwa shida, na picha ilipofika mwaka 1505 Isabella hakuifurahia sana. Ndivyo ilivyo ukimfunga msanii mikono yote miwili.

Sasa angalia nafasi ya mchoro katika utaratibu huo. Kwa fundi wa wakati ule mchoro ulikuwa hatua tu. Unachora ili upange mikono ya mtu kabla ya kugusa ukuta, au ili mteja aone atakachopata. Kazi ikiisha karatasi inabaki chini ya meza, inachakaa, inatupwa. Michelangelo mwenyewe alichoma michoro yake mingi kabla ya kufa, kwa habari ya Giorgio Vasari aliyeandika maisha yake, kwa sababu hakutaka watu waone jinsi alivyohangaika. Lakini tangu miaka ya 1530 alianza kutoa michoro ya aina nyingine kabisa, iliyokamilika yenyewe, isiyosubiri ukuta wala marumaru. Ya kwanza iliyojulikana sana alimpa kijana wa Roma, Tommaso de' Cavalieri, mwaka 1532 na 1533, na ilikuwa ya hadithi za miungu ya kale. Ile ya Vittoria ni ya dini, na ilitoka mahali pengine moyoni mwake.

Vittoria Colonna alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1490 huko Marino, karibu na Roma, katika ukoo wa Colonna uliokuwa miongoni mwa koo zenye nguvu kuliko zote mjini humo. Mwaka 1509 aliolewa kisiwani Ischia na Ferrante d'Avalos, Markizi wa Pescara, jemadari wa Kaisari Karoli wa Tano. Mumewe akafa mwaka 1525, miezi kadhaa baada ya vita vya Pavia. Vittoria alikimbilia nyumba ya watawa ya San Silvestro in Capite, akitaka kuwa mtawa. Papa Klementi wa Saba akaruhusu akae humo, ila akawakataza masista kumpokea kama mtawa. Kwa hiyo akaishi miaka yote iliyobaki katikati ya hali mbili: mjane tajiri asiyeolewa tena, anayelala kwenye nyumba za masista bila kuwa sista, anayeandikiana barua na mapapa, wafalme na wanazuoni. Na aliandika mashairi. Mkusanyo wake uliochapwa Parma mwaka 1538 ulimfanya awe mmoja wa washairi wanawake waliosomwa sana Italia yote.

Kufikia mwaka huo wa 1538 urafiki wake na Michelangelo ulikuwa umeshika mizizi. Yeye Michelangelo alikuwa amepita miaka sitini, akiwa juu ya jukwaa la Kanisa la Sistina akichora Hukumu ya Mwisho, kazi iliyofunuliwa tarehe 31 Oktoba 1541. Mchoraji Mreno, Francisco de Holanda, aliyekuwa Roma wakati huo, ameacha maandishi yanayowaonyesha wawili hao Jumapili katika kanisa la San Silvestro kwenye kilima cha Quirinale, baada ya kusikiliza mafundisho juu ya nyaraka za Paulo. Bila shaka Holanda aliyapamba mazungumzo yao, ndivyo waandishi wa zama zile walivyofanya. Hilo la nyaraka za Paulo likumbuke, tutalirudia.

Haya, tuufungue mchoro wenyewe. Uko Boston, Marekani, katika jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner. Ni karatasi ya sentimita 29 kwa 19 hivi, ndogo kidogo kuliko A4, imechorwa kwa chaki nyeusi peke yake. Maria ameketi chini ya msalaba. Kristo hajalazwa mapajani mwake kama kwenye sanamu ya Vatikani. Ameketi wima katikati ya magoti ya mama yake, kifua kimetuelekea sisi, kichwa kimeanguka, miguu imekunjamana. Malaika wawili, wadogo kama watoto, wamemshika mikono chini ya mabega ili asianguke. Na Maria hamtazami. Hamgusi kwa mikono. Amenyanyua mikono yote miwili kuelekea mbinguni, viganja wazi, macho juu.

Mwambie mwanafunzi afuate mistari ya mikono tu, ataona kitu. Mikono ya Kristo iliyoning'inizwa na malaika inafanya msalaba wa chini. Mikono ya Maria iliyonyanyuliwa inafanya msalaba wa juu. Katikati yake unasimama mti wenyewe wa msalaba. Mwili wa mama na mwili wa mwana umepangwa kwenye mhimili mmoja. Wapo wanazuoni wanaouona mkao ule wa Kristo katikati ya magoti kama wa mtoto anayezaliwa mara ya pili, na ukiutazama kwa utulivu si rahisi kuwabishia.

Halafu kuna maandishi. Juu ya mti wa msalaba, kwa wima, Michelangelo ameandika mstari wa Dante kutoka wimbo wa 29 wa Paradiso: "Non vi si pensa quanto sangue costa", yaani, hakuna anayefikiria ni damu kiasi gani imegharimu. Katika shairi la Dante aliyesema maneno hayo ni Beatrice, mwanamke anayemwongoza mshairi Peponi, akiwalalamikia wahubiri wanaopotosha Maandiko ili wajionyeshe; damu anayoitaja ni ile iliyomwagika kulipanda Neno duniani. Michelangelo ameung'oa mstari kutoka kwenye lawama hiyo na kuubandika juu ya kichwa cha mama aliyefiwa. Hapo damu ni ya Kristo, na aliyeacha kufikiri ni wewe unayetazama. Mimi nauona mkono wake mwenyewe katika uchaguzi huu kuliko wa Vittoria. Alijulikana kwa kumjua Dante vizuri, kiasi kwamba rafiki yake Donato Giannotti alimweka kwenye kitabu cha mazungumzo akijadili ni siku ngapi Dante alikaa Jehanamu na Toharani.

Basi Vittoria aliingia wapi? Tuna shahidi wa karibu. Ascanio Condivi, mwanafunzi wa Michelangelo, alichapisha maisha ya mwalimu wake mwaka 1553, bwana huyo akiwa hai na akimsimulia. Anasema Michelangelo alimchora Kristo aliyeteremshwa msalabani "kwa ombi la bibi huyu", kisha anaueleza mchoro mstari kwa mstari, malaika, mikono ya Maria, maneno ya Dante. Anaongeza kwamba msalaba ulifanana na ule uliobebwa na waumini waliovaa nguo nyeupe katika maandamano wakati wa tauni ya 1348, uliowekwa baadaye katika kanisa la Santa Croce, Firenze. Msalaba wenye mikono iliyopanda kama herufi Y. Karatasi ya Boston ilikatwa juu, kwa hiyo umbo hilo tunalijua vizuri zaidi kupitia chapa zilizotolewa kutoka kwenye mchoro.

Ombi, basi. Lakini ombi la nani, na la kitu gani? Vittoria alikuwa na tafakari yake juu ya Maria akiwa na mwili wa Mwanawe mapajani, maandishi ya nathari yaliyochapwa Venezia mwaka 1556, yeye akiwa ameshafariki. Ni maombolezo ya mtu anayeketi na picha ile moja kwa muda mrefu bila haraka, uchungu wa mama ukichanganyika na kuutambua wokovu. Ninaposoma tafakari hiyo na kuutazama mchoro, naona watu wawili waliokuwa wakilizungumza jambo lile lile, mmoja kwa kalamu, mwingine kwa chaki. Hakumwagiza achore malaika wangapi, kama Isabella alivyomfanyia Perugino. Alimpa swali la kutafakari, na akamwacha alijibu.

Lipo pia jambo la imani, na hapa ndipo moyo wangu unapochangamka. Vittoria alikuwa katika kundi la Wakatoliki wa Italia waliotamani kanisa lijirekebishe kutoka ndani. Kule Napoli walikusanyika kwa Mhispania Juan de Valdés. Vittoria alimsikiliza mhubiri Mkapuchini Bernardino Ochino kwa bidii kubwa. Na tangu 1541, alipohamia Viterbo katika nyumba ya masista ya Santa Caterina, alikuwa karibu na Kardinali Mwingereza Reginald Pole. Walichokisoma usiku na mchana ni Paulo. Waefeso sura ya pili, kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na kwamba hilo ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Kijitabu kilichochapwa Venezia mwaka 1543 kuhusu faida ya kifo cha Kristo kilitoka katika mazingira hayo hayo, na baadaye kikapigwa marufuku.

Sasa soma barua ambayo Michelangelo alimwandikia Vittoria, wakati bibi huyo alipotaka kumpa vitu fulani. Michelangelo anasema alitaka kwanza amfanyie Vittoria kazi ya mkono wake kabla ya kuvipokea, ili asionekane kuvipokea bila kustahili. Kisha ametambua kwamba neema ya Mungu haiwezi kununuliwa, na kwamba kuipokea kwa kusitasita ni dhambi kubwa sana. Anakiri kosa ni lake, na anavipokea kwa furaha. Anasema akivipata atajiona yumo peponi.

Mwalimu, simama kidogo hapo. Mtu huyu ametumia maisha yake yote kubishana na watu juu ya malipo. Kaburi la Papa Julius wa Pili peke yake lilimtesa kwa mikataba iliyovunjwa na kuandikwa upya kwa miaka arobaini. Na sasa, akiwa mzee, anamwandikia rafiki kwamba zawadi isiyolipwa ndiyo sura halisi ya neema. Kwa hiyo kutolipa kwa Vittoria hakukuwa ubahili wala urafiki tu. Kulikuwa na maana ileile ya kile kilichochorwa. Katika karatasi ya Boston mwili wa Kristo unawekwa mbele yako, umenyooshwa kwako, na hakuna mtu pembeni anayepiga magoti na mfuko wa fedha. Picha nyingi za dini za wakati ule zinamweka mfadhili pembeni, mikono imefumbatwa, akionekana vizuri ili asisahaulike. Hapa mfadhili hayumo kabisa.

Na Vittoria alilipa kwa sarafu ya aina hiyo hiyo. Mnamo 1540 alimpa Michelangelo kitabu kidogo cha ngozi chenye mashairi yake. Mwaka 1551, mama huyu akiwa amekwisha fariki, Michelangelo aliandika katika barua kwamba kitabu hicho kina soneti 103, yaani mashairi ya mistari kumi na minne, mbali na nyingine arobaini alizomtumia kutoka Viterbo kwenye karatasi za kawaida, naye akazitia ndani ya kitabu kilekile. Alikuwa amezihesabu. Soneti kwa mchoro, mchoro kwa soneti, bila mtu kudai bei.

Kuna mchango wa tatu wa Vittoria ambao watu huupita haraka, nao ni wa kutazama. Michelangelo alimchorea pia Kristo msalabani. Mchoro unaohusishwa na kazi hiyo uko British Museum, London, nao ni chaki nyeusi, mkubwa kuliko wa Boston, kama sentimita 37 kwa 27. Ni kinyume cha desturi: Kristo bado yu hai, mwili unajipinda, uso umeinuliwa kwa Baba, na Condivi anasema ni kama anatamka "Eli, Eli". Malaika wawili wanaomboleza pembeni, fuvu liko chini. Vittoria alipoupokea aliandika kwamba ameutazama vizuri kwenye mwanga, kwa lenzi na kwa kioo, wala hajapata kuona kitu kilichokamilika zaidi.

Mfikirie akiwa na karatasi ile mkononi. Chaki ya Michelangelo haikupakwa kwa mistari inayoonekana. Ni nukta na miguso midogo mno, imelundikana hadi ngozi ya kifua inaonekana kama moshi uliotulia. Ukiusogelea kwa macho matupu huwezi kusema kivuli kinaanzia wapi. Ndiyo maana alileta lenzi. Na kioo, kwa sababu wachoraji walitumia kioo kuigeuza picha ili makosa yajitokeze. Mwanamke huyu alikuwa anaikagua kazi kama fundi anavyoikagua, huku akisali mbele yake. Msanii yeyote anajua tofauti ya kuchora kwa mtu atakayetundika kazi ukutani na kuipita kila siku, na kuchora kwa mtu atakayekaa nayo hivyo. Ule ukamilifu wa nukta umetokana, kwa sehemu, na kujua nani atatazama.

Katika barua hiyohiyo anasema waziwazi kwamba kama mchoro ni wa mkono wa Michelangelo mwenyewe, hataurudisha ng'o. Kama amepanga mtu mwingine aitekeleze kazi, hilo watazungumza. Ni bibi mpole wa lugha, lakini anajua anachotaka. Barua nyingine inamsifu malaika wa upande wa kulia kuwa mzuri zaidi, akimtakia kwamba siku ya mwisho Malaika Mikaeli amweke Michelangelo mkono wa kuume wa Bwana. Humo kuna mapenzi ya dhati, na kuna jicho kali.

Uliuliza pia juu ya sauti ya mfadhili kuhusu namna Kristo atakavyoonekana. Hapo nakuomba uwe na tahadhari moja. Vitabu kadhaa vinauchukulia mchoro wa Boston kama bango la mafundisho ya kundi la Viterbo. Nadhani wanauminya. Maombolezo ya Maria ni mada ya kale ya Kanisa, Vittoria alikufa akiwa Mkatoliki, na Pole mwenyewe, kwa ushahidi wa Pietro Carnesecchi, alimshauri aamini kana kwamba wokovu wake unategemea imani pekee, na atende kana kwamba unategemea matendo. Ushauri wa busara, na wa hatari. Mwezi Julai 1542 Papa Paulo wa Tatu aliunda upya mahakama ya kuhukumu uzushi. Ochino akaitwa Roma, na Agosti akakimbilia Geneva. Alipomtumia Vittoria barua na kitabu, Vittoria alivipeleka kwa Kardinali Cervini badala ya kukaa navyo. Carnesecchi, aliyekuwa wa kundi lile, alikatwa kichwa na mwili wake kuchomwa Roma tarehe 1 Oktoba 1567, na katika kesi yake jina la marehemu Vittoria lilitajwa tena na tena.

Kwa hiyo karatasi ndogo iliyofungwa ndani ya sanduku ilikuwa na faida ambayo picha ya altareni haina. Altareni kila mtu anaona na kila mtu anauliza. Mchoro unaonyeshwa kwa unayemwamini.

Lakini haukufichwa muda mrefu, na hapa tunaona kazi ya mwisho ya Vittoria kama mfadhili. Mwaka 1546, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ukiwa umeshaanza, askofu mmoja alimwandikia Kardinali Ercole Gonzaga wa Mantova, aliyetamani kupata Kristo wa Michelangelo. Pole, anasema askofu, anayo Pietà ya mkono wa Michelangelo na yuko tayari kujinyima amtumie, kwa kuwa anaweza kupata nyingine kwa Markiza wa Pescara, yaani Vittoria. Angalia neno hilo: kwa Markiza, si kwa Michelangelo. Anayetaka kazi ya fundi mkubwa kuliko wote Italia anabisha hodi kwa huyo mama. Mwaka huohuo Giulio Bonasone aliichonga Pietà kwenye bamba la shaba, na 1547 Nicolas Beatrizet naye akafanya hivyo, chapa zikaenea; mchoraji Marcello Venusti akaitengeneza kwa rangi. Kitu kilichoanza kama zawadi kati ya watu wawili kikawa picha ya sala katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kuwaona.

Vittoria alifariki Roma tarehe 25 Februari 1547. Mwezi mmoja kabla yake Mtaguso ulikuwa umepitisha tamko juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyokubaliwa na Mungu, tamko lililofunga mlango ambao yeye na rafiki zake walitumaini utabaki wazi. Condivi anasimulia kwamba Michelangelo alikwenda kumwona akiwa anakata roho, na kwamba baadaye alijuta jambo moja tu, kutombusu paji la uso au uso kama alivyombusu mkono.

Jina lake kwenye kichwa cha mchoro, basi, ni sahihi, wala makumbusho hayakumpendelea. Akiondolewa Vittoria, hakuna ombi, hakuna mazungumzo ya Paulo, hakuna sababu ya kuchora Kristo kwa chaki kwenye karatasi na kuiita kazi imekwisha.

Kwa darasa lako ningeshauri hivi. Makumbusho yote mawili, Gardner na British Museum, yameweka picha zenye ubora mzuri mtandaoni, na ni afadhali kuzitumia hizo, maana michoro ya karatasi haivumilii mwanga na huonyeshwa mara chache. Weka sanamu ya Vatikani kushoto na mchoro wa Boston kulia. Usitaje mwaka wala jina. Waulize kwanza Maria anatazama wapi katika kila kazi, kisha mwili wa Kristo umeelekezwa kwa nani. Wakishajibu hayo kwa macho yao, ndipo uwasomee kuhusu dukati 450 za kardinali, halafu barua ya neema isiyonunuliwa, na uwaachie wao waseme ipi kati ya kazi hizo mbili ingeweza kuandikiwa mkataba.